Mama, Uliyemsukuma Mjomba

Mwaka umetimia, Mama, tangu rola ya chuma ilipopasuka kiwandani na kipande chake kikakutoboa kifua. Wapo walioshauri tuandike kwamba ulilala kwa amani. Hukulala kwa amani, na kwa uongo huo ungetufokea wewe mwenyewe.

Ulikuwa mhandisi wa kukaza chuma kwa moto, na kazini walikuita Mama Tanuri. Kabla chuma hakijaonja moto, ulikuwa umeshakipasha, ukakizamisha kwenye mafuta, ukakipasua ndani ya kompyuta yako. "Afadhali kivunjike humu," ulikuwa ukisema. Tulipokuwa wadogo ulitupakata, tukachagua rangi za picha ulizochora humo za joto la chuma. Hasira zako nazo zilikuwa za karibu. Ulipigiza kibodi mezani mpaka vitufe vikaruka, halafu ukaja jikoni unacheka, unaomba chai.

Ile rola kubwa ya kunyooshea mabati, picha zilionyesha ganda lake likivutana vibaya na kiini. Ulimwagiza Mjomba, mdogo wako, aliyekuwa msimamizi wa zamu: ikitoka kwenye mafuta iingie tanuri la pili ingali na joto, isiachwe sakafuni ikapoa na kupasuka. Tanuri la pili lilikuwa limejaa. Mjomba akailaza sakafuni, akasema kompyuta yako ina woga kukushinda.

Ulipopata habari ulishuka ngazi mbio huku unamtukana. Ulimkuta kasimama kando ya rola, anaitazama. Ulimpiga kikumbo akaanguka kule, na hapo hapo ikapasuka kwa kishindo kilichomwaga vioo vya madirisha yote. Yeye aliinuka na mikwaruzo. Wewe hukuinuka.

Makaburini Baba alimrukia Mjomba akamvunja taya. Hakuna aliyeharakisha kuwaamua, na tuseme ukweli, hata sisi tulitaka apigwe. Baba akaapa mtu yule hatatajwa kwenye tangazo lolote lenye jina lako. Bibi, aliyewazaa nyote wawili, akasusa kuja kwetu.

Tangu hapo Mjomba hakukubali chuma kizamishwe bila kwanza kuona picha za kompyuta. Juzijuzi mkubwa wake alimwamuru aache rola nyingine sakafuni, mteja ana haraka. Mjomba alimkaba shingo mbele ya zamu nzima, wakamwondoa kwa nguvu, akafukuzwa kazi palepale.

Baba akaletewa habari hizo. Kisha akatuita, tukiwa tunaandika maneno haya.

"Mwandikeni na yeye," alisema. "Dada yake hakumsukuma ili sisi tumzike."

Unakumbukwa na mumeo, na mama yako, na sisi wanao, na mdogo wako, ambaye Baba bado hajaweza kumpa mkono.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mama.