Kompyuta Yako Imepigwa Windo Mpya, Mtani

Mtani wangu, mzee wa mbio,

Ukoo wa steshenari ya Lizaboni, Songea, unasikitika kutangaza kwamba kompyuta yake, baada ya kugoma kuwaka kwa muda mfupi, imefutwa yote na kupigwa windo mpya. Imepoteza kumbukumbu, mazoea na heshima. Mafaili machache yameokolewa kwenye flashi na fundi wa Mfaranyaki. Habari ziwafikie jamaa wote popote walipo, wa Peramiho, wa Mbinga, na wewe uliyelala Maposeni katikati ya mahindi ukijifanya umechoka. Kazi ya kuipanga upya nimeifanya mimi, peke yangu, kwa utulivu na utaalamu.

Wanaosoma barua hii bila kutufahamu wajue tu kwamba mimi ni Mhehe na wewe ulikuwa Mngoni. Babu zetu walipigana wakachoka, wakaona bora wajukuu warithi matusi kuliko mikuki. Sisi wawili tukarithi vizuri. Nilikuita mzee wa mbio kwa sababu wazee wako walitimua mbio tangu kusini kabisa mwa bara hili na hawakusimama mpaka walipokutana na wazee wangu, na pia kwa sababu wewe mwenyewe ulichapa kwa kidole kimoja, ukiitafuta kila herufi kama mtu aliyepotelewa na kuku. Ukiipata, uliigonga kana kwamba ndiyo iliyomwiba. Nawe kila nilipoingia dukani uliwaambia wateja wakafunge mbwa wao, Mhehe amefika na hajala.

Basi unalijua deni langu. Mtani akifa, mtani wake ndiye wa kumtukana. Siku tulipokuzika nilikuja nimevaa koti lako la kijivu na miwani yako yenye mguu wa waya, watu wakaanza kutabasamu hata kabla sijafika uani. Nilitakiwa nitembee kama wewe, kiuno mbele kama mwenye shamba. Nilitakiwa nilale kaburini nigome kutoka mpaka nipewe kuku. Nilisimama mbele ya mkeo, nikafungua kinywa, na kikatoka kitu kimoja tu: "Pole, shemeji." Kama mgeni. Kama mtu aliyetumwa na ofisi. Mkeo akanitazama, akangoja, akaona hakuna kingine kinachokuja, akainamisha kichwa. Kuku alibaki amefungwa miguu mpaka jioni. Shangazi yako alisema pale pale, na amekuwa akisema kila tunapokutana sokoni, kwamba msiba ule haujafungwa, maana mtani wake hajasema neno.

Turudi kwenye kompyuta, ambayo angalau yenyewe haina shangazi.

Ilirudi kutoka kwa fundi tupu kama kichwa chako siku ya Jumatatu. Kioo cha buluu, kitupu, safi. Sikuwa nimewahi kukiona kioo kile. Wewe ulihifadhi kila faili hapo hapo mbele, mialiko ya harusi juu ya barua za kuomba kazi, juu ya ratiba za jumuiya, mpaka picha ya nyuma haikuonekana. Nashukuru haikuonekana, kwa kuwa ilikuwa picha ya shamba lako uliyoipiga mwenyewe, robo yake ikiwa ni kidole gumba. Nilipokuuliza kwa nini usiibadilishe ulisema kidole hicho ndicho kilicholima.

Nikaanza na programu ya kuandikia, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Ikaja na aina za herufi nyingi, za heshima zote. Wewe ulijua aina moja, ile yenye mikia na maua, ya kadi za harusi. Uliitumia kwa harusi, sawa. Uliitumia pia kwa barua ya mtu aliyekuwa anamshitaki jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kwa tangazo la nguruwe dume. Yule mama wa tangazo la msiba alipokuja kuchukua karatasi zake alizitazama kwa muda, akauliza kwa upole kama marehemu wao anaolewa. Mimi nilikimbilia nyuma ya printa kucheka. Wewe ulimjibu, "Mama, anakokwenda ni karamu." Akalia, akakushika mkono, na tangu siku hiyo jumuiya yake yote ilichapisha kwetu. Ndivyo ulivyokuwa, mtani. Hata ujinga wako ulikuwa na bahati.

Nikaweka kivinjari cha intaneti. Nikaweka ya kusomea PDF, maana shule hazileti siku hizi kitu kingine. Nikaweka ya kuzuia virusi, ingawa virusi mkubwa alishaondoka. Kisha draiva ya printa, na hapo nikakwama, kwa kuwa printa yetu ina kikohozi na windo mpya ilikataa kumtambua mgonjwa wa aina hiyo. Niliitoa nyaya, nikazirudisha, nikazima, nikawasha, nikaipiga kofi ubavuni pale ulipokuwa unaipiga wewe. Kofi langu halina elimu. Nikajipa kazi nyingine.

Nikafika kwenye mshale wa kipanya. Wewe uliukuza mpaka ukawa kama jembe. Ulipousogeza ulifunika neno ulilotaka kulibonyeza, ukalibonyeza jirani yake, ukafungua kitu usichokitaka, kisha ukaniambia mimi ndiye nimekichezea. Miwani ulikuwa nayo, imening'inia shingoni, ulikuwa unaivaa ukitoka nje.

Na saa, mtani. Twende kwenye saa.

Kompyuta iliniuliza nafuata saa za wapi. Nikatafuta Songea, hakuna. Nikatafuta Dodoma, hakuna. Ikanipa Nairobi. Nakumbuka ulivyochukia tulipoliona jambo hilo mara ya kwanza. Ukasema wewe hujawahi hata kupita Nairobi, iweje wakupangie muda wa kula. Halafu ukatazama pembeni ya kioo, imeandikwa saa kumi, na nje ni asubuhi, jua halijafika hata kwenye paa la kanisa. Ukasema mashine hii haijui kusoma saa. Nikakueleza kwamba wenzetu huanza kuhesabu usiku wa manane. Ukaniuliza ni mtu gani mwenye akili anayeanza siku akiwa amelala. Kisha ukairudisha nyuma kwa saa sita, ili saa nne isomeke saa nne.

Tumeishi hivyo miaka yote. Kila barua tuliyochapa ilikuwa na saa ya uongo. Barua pepe za watu zilitufikia kabla hazijaandikwa, na wewe ukawa unawaonyesha wateja, unawaambia steshenari hii hupata habari za mchana tangu asubuhi. Tovuti nyingine zikawa zinatukataa. Mwalimu mmoja alitaka kutuma matokeo ya wanafunzi wake, mtandao ukamgomea, akaja kuniuliza mimi tatizo ni nini. Ningemwambia nini? Kwamba tatizo ni Mngoni?

Sasa, mtani, nilisema mwanzoni kwamba kazi hii niliifanya peke yangu kwa utulivu na utaalamu. Ukweli ni huu.

Mkeo alikuwepo. Tangu matanga yaanuliwe huja dukani, hukaa kwenye kiti chako karibu na dirisha, hafanyi kitu, hasemi kitu, na mimi sina la kumwambia tangu ile "pole" yangu. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Nilipofika kwenye ile saa, inasoma sawasawa na Nairobi, imekaa vizuri bila kasoro yoyote, nikajikuta ninasema kwa sauti, ninaiambia kompyuta, kwamba kulikuwa na mjinga mmoja hapa, mfupi, miguu kama ya bata, ambaye alishindwa kuelewana hata na saa.

Nyuma yangu kiti kikalia. Nikaona nimekosa tena, safari hii kwa upande mwingine.

"Endelea, mtani," mkeo akasema. "Siku ile ulininyima."

Nikageuka. Nikaendelea. Nikamweleza habari za nguruwe dume, za mshale kama jembe, za kidole gumba. Nikainuka nikatembea kama wewe kati ya meza na mlango, kiuno mbele, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasimama kizingitini asijue aingie au aondoke. Mkeo alianza kwa kufunika mdomo na kitenge. Kisha kitenge kikashindwa. Alicheka mpaka akajishika ubavu, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na katikati ya kilio akaniambia nimesahau jinsi ulivyokuwa unakoroma. Nikakoroma. Hata yule mwenye cheti alicheka, na wala hakukufahamu.

Alipotulia alivuta kiti chako mpaka mezani, akaniambia nisogee. Hakuuliza namna ya kufanya. Alikuwa amekuona ukifanya. Akafungua mipangilio, akaondoa alama pale panaposema saa ijipange yenyewe, akairudisha nyuma kwa saa sita kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu wa kwenu. Kisha akaipiga printa kofi ubavuni, na mgonjwa akakohoa, akatoa karatasi.

Nimeitumia barua hii kuijaribia printa. Pembeni panasomeka saa tano, na ni saa tano kweli. Jumapili shemeji anapeleka kuku kwa shangazi yako, nami nitafuatana naye nikiwa nimevaa koti la kijivu.

Lala, mkimbizi. Safari hii hakuna anayekufukuza.

Ni mimi, mtani wako,
mla mbwa wa Lizaboni