Ikiwaita Msiitike

Tusajigwe na Felista,

Wali uko kwenye hotpoti, mboga ni dagaa wa usipa, nimeifunika kwa sahani. Kompyuta ya baba yenu msiiguse kwanza, someni hapa mpaka mwisho.

Felista, uliiacha video ya kipaimara chako inacheza ukaenda shule. Nafagia, mara namsikia marehemu baba yenu nyuma yangu akinishukuru: "Ndaga fijo, Mama Tusa!" Nikaitika abee kabla sijafikiri. Kugeuka, kompyuta imeganda. Mdomo wake wazi, ananiangalia, sauti inarudia tu: Tusa, Tusa, Tusa.

Tusa, mashine ilikuwa ya polepole lakini haikuganda mpaka ulipoongeza hiyo RAM mpya. Huo ufundi si ungeanzia kwenye redio yangu? Nimempigia fundi wa Bondeni. Anasema zima, chomoa hiyo mpya, bakiza ya zamani peke yake. Ikiwaka vizuri, hamishia video kwenye flashi kabla ya lolote. Sauti yake nyingine hatuna.

Ukishahamisha, iuzwe. Hapana, hilo nimelikata, isiuzwe.

Nimekwenda Ndandalo kumuuliza bibi yenu, mtu akishamwitikia marehemu afanyeje. Nanyi ikiwaita majina msiitike, hata kwa utani.

Nimeifunika kitenge, lakini bado inaita. Tusa, izime wewe. Mimi nimeshika swichi mara mbili, nikashindwa kumkatiza baba yenu wakati ananiita.

Mama yenu