Suruali ya Kaki Juu ya Mgunga

Mpendwa mama mkwe,

Kwa majonzi makubwa nakutangazia kifo cha sifa zangu. Zilizaliwa mwaka wa 2012 juu ya mgunga mmoja kando ya mto Turkwel, zikakulia hapa Lodwar, zikasafiri hadi Kitui bila nauli, na zimeaga dunia Desemba hii ya 2013, saa ya chai, mbele ya mwanao Kilonzo. Mfiwa ni mimi peke yangu. Binti yako hakulia. Alicheka mpaka akamwaga maziwa.

Najua ulinikataza kusema. Ndiyo maana nakuandikia, huko ulikotangulia, nikuombe radhi wewe kabla ya wengine. Barua nimeiacha wazi kwa sababu waliokuwa hawajui sasa wanajua.

Unakumbuka ulivyofika? Ulishuka kwenye basi ukiwa na mzinga mgongoni, umeufunga kwa leso kama mtoto mchanga. Lile gogo alilolichonga marehemu baba mkwe, lenye alama ya ukoo karibu na tundu. Ulitusimulia kwamba kondakta alikuuliza kama ni ngoma, nawe ukamjibu, "Ni ngoma. Wachezaji wanakuja."

Mimi nilikuwa nimesimama kando, kama inavyompasa mkwe, nikikagua magurudumu ya basi. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa naijua sauti yako kuliko uso wako. Jioni hiyo ukamwambia binti yako jikoni, kwa sauti uliyoipima inifikie sebuleni: "Mizinga ya baba yenu imebaki mitupu. Kaka zako wako Nairobi na Mombasa, hakuna anayetaka kuumwa. Nimeleta mmoja. Nione kama kuna damu yangu itakayoushika, la sivyo niufanye kuni."

Nilicheka kimoyomoyo, mama. Nyuki, Lodwar? Kwa jua hili linalochemsha maji kwenye tangi? Lakini asubuhi ulitoka nje ukauona mathenge, ule mti ambao sisi sote tunaulaani, uliotoboa tairi zetu na ndala zetu na nyayo zetu. Ulivuta tawi, ukanusa yale maua yake ya manjano, ukatikisa kichwa. "Watu wa serikali," ukasema. "Mmezungukwa na chakula cha nyuki, na bado mnanunua sukari."

Ukawaita wajukuu. Mwende alikuwa na miaka kumi na miwili, na Musyoka minane. Mwende ukampa nta apake ndani ya mzinga, apake tena, apake hata pale asipoona. Musyoka ukampa beseni na kokoto. "Nyuki wa hapa atakunywa wapi? Jaza maji, weka mawe asimame juu yake, asizame. Siku ukisahau, atakwenda kwenye bomba la jirani, na jirani atakuja kwa baba yako." Nyuki walipokwisha kuja, alisahau mara moja. Mama Akiru, jirani yetu, alifika na mtungi mtupu mkononi. "Ejok, Baba Mwende. Hii nyuki yako imenifukuza kwa maji. Nyuki ya Mkamba haina adabu!"

Nilipotumwa kikazi Kakuma mliandamana nami, wewe na Mwende, mtafute chandarua cha kufunika uso. Yule mama wa Sudan Kusini mwenye cherehani pale sokoni alikupima kichwa, akalipima na bega, akauliza, "Mama mkubwa, hii nguo ya arusi? Bwana iko wapi?"

"Mabwana ni wengi," ukamjibu, "na wote wana mikuki."

Alicheka mpaka uzi ukakatika. Kisha, bila kuombwa, akashona na vazi la pili, dogo, akamvisha Mwende. Sijawahi kumwona mtoto akikataa kuvua nguo kutoka Kakuma hadi Lodwar, kwa joto lile.

Mzinga ukatundikwa kwenye ule mgunga kando ya mto, halafu nyuki wakaja. Mwende alikimbia kutoka mtoni akipiga kelele, akikuita bibi kwa Kikamba, "Susu! Susu! Wamehamia!" Nawe, uliyetufundisha kwamba karibu na nyuki watu hunong'ona, ulipiga vigelegele vilivyomwamsha mlinzi wa ofisi ya pili.

Sasa, siku ya kurina asali. Mwanamume wa nyumba ni mimi, kwa hiyo aliyepaswa kupanda ni mimi. Nilipanda, mama. Sikatai. Nilifika urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nyuki mmoja akaja kuniamkia puani, nami nikashuka kwa kasi isiyoruhusiwa katika utumishi wa umma. Ulikohoa tu. Kikohozi kile bado nakisikia nikiwa kwenye mikutano.

Kesho yake jioni nilikuwa uani nilipoona mwanamume akitoka chumbani mwangu. Amevaa koti langu, kofia yangu, na suruali yangu ya kaki, ile ya ofisini, shati lake limechomekwa na miguu yake imefungwa kwa kamba ili nyuki asipate njia. Nikataka kuuliza we ni nani. Kisha mwanamume huyo akakohoa.

Nikageuza uso haraka nikalitazama tangi la maji. Mkwe hatazamwi, seuze mkwe aliyevaa suruali yako! Tulikwenda mtoni hivyo, wewe mbele, mimi nyuma nikitazama pembeni, mpaka nikatembea ndani ya mathenge. Mwende alibeba kopo la samadi kavu ya punda linalofuka moshi. Mimi na Musyoka mlituacha kwa mbali, tulinde kifuniko cha ndoo. Tulikilinda vizuri.

Ulipanda mti ule kama mtu anayepanda kitandani kwake. Ulizungumza na nyuki polepole, ukakata masega, ukamteremshia Mwende, na yalipobaki machache ukasema, "Basi. Haya ni ya wenyewe." Chini ya mti ulituita sote. "Neno hili lisitoke hapa. Wakisikia kwetu kwamba nimevaa suruali, tena ya mkwe, nitapita wapi? Aliyepanda ni Baba Mwende." Mwende akaapa. Musyoka akaapa. Mimi niliapa haraka kuliko wote.

Ningejuaje kwamba Mama Akiru alikuwa ng'ambo ya mto na mbuzi wake? "Baba Mwende, ejok-noi! Jana nimekuona juu ya mti. Kumbe wewe mwanaume! Hata nyuki imekuogopa!" Kufikia Jumapili, kanisani waliniomba niwasimulie vijana juu ya ujasiri. Nilisimulia, mama. Dakika ishirini. Nawe uliporudi Kitui ukanimalizia: uliwaambia wote kwamba mkweo hupanda mti kama tumbili. Nilipokuja kukuzika mwaka huu, wazee waliniamkia kwa jina la mrina asali. Niliitikia.

Baada ya wewe kuondoka, Mwende ndiye aliyebaki na mzinga. Kila Jumamosi alikuwa mtoni, ameweka sikio kwenye gogo kama daktari. Kisha Desemba hii Kilonzo akatutembelea, siku ambayo asali ilikuwa imeiva. Mezani akamwekea Musyoka mkono begani.

"Leo mjomba atakufundisha kupanda. Mwende utashika ndoo."

"Mjomba, mimi najua kupanda," Mwende akasema. "Mzinga ni wangu."

"Mzinga una alama ya ukoo wetu, mama. Asali hurinwa na wanaume. Hata mwaka jana, si ni baba yako aliyepanda? Susu mwenyewe alituambia."

Mwende alikuwa amekuapia, na mtoto yule ana kichwa chako. Machozi yalimjaa, lakini mdomo ameufunga. Aliniangalia mimi tu. Kilonzo naye alikuwa ananiangalia, kwa heshima ambayo hajawahi kunipa shemeji yeyote, nami nilikuwa nimeizoea.

"Shemeji," nikasema, "aliyepanda ni mama yako. Kwa suruali yangu."

Kijiko chake kilisimama hewani. "Mama? Suruali?" Akamtazama dada yake, dada yake akamwaga maziwa. "Mama yetu? Yule aliyemfukuza kanisani msichana wa kwaya kwa sababu ya sketi?" Kisha akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akafuta macho, akasema taratibu, "Nileteeni hiyo suruali niione."

Nisikudanganye, mama, yaliyotokea mtoni ni haya. Mwende alikunja miguu ya suruali mara tatu, akafunga kamba kama ulivyomwonyesha. Aliumwa mara mbili, mkononi na shingoni. Mara ya pili alilia, akalia akiwa juu, hakushuka. Asali haikujaza hata nusu ya ndoo, maana mvua ilikuwa haba. Alipofika kwenye masega ya mwisho akasema, "Haya ni ya wenyewe," kwa sauti yako, mpaka Kilonzo akavua kofia.

Kilonzo ndiye aliyeshika ndoo. Mimi na Musyoka tulikuwa nyuma ya mathenge, na kifuniko.

Suruali imefuliwa, iko kwenye kamba. Humu ndani hakuna tena anayesema ni yangu.

Pumzika, mama. Hukulichoma gogo.

Mkweo asiyepanda,
Baba Mwende