Bastola ya Babu Iliyosuguliwa kwa Ndimu

Winson Green, Birmingham
Jumapili

Kaka yangu Haroun,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Dar, wewe na wote wa nyumbani kwa mjomba. Sisi hatujambo, ila goti la mama linamsumbua kwa baridi, na mimi mwezi ujao nina mitihani ya majaribio. Ungependa nikupigie simu, lakini unanijua nilivyo. Kwenye karatasi angalau naweza kumaliza sentensi. Tena nina jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote.

Wazikumbuka Jumapili za babu? Baada ya chai alitandaza gazeti mezani, akatoa lile sanduku la mti, na sisi wawili tukakaa kimya kama tuko chuoni. Wewe uliruhusiwa kuizungusha silinda ya ile bastola ya kale ya fataki. Mimi nilihesabu milio yake mitano, mmoja kwa kila tundu la risasi, na kunusa mafuta. Alipenda kutuambia kuwa ilitengenezwa mji huuhuu, na kwamba kati yetu sote ndiyo mwenyeji pekee. Na kila mara alirudia kuwa isiguswe ila kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta, maana ule ukahawia ndio umri wake.

Nilimsikia, kaka. Lakini Idi ile, babu alipokuwa hospitali, mama alinipa kazi ya kila mwaka ya kusugua shaba za nyumba kwa ndimu na chumvi. Nilimaliza sinia na mabuli, nikataka babu akirudi akute kila kitu kinang'aa. Nikaanza na shaba iliyozunguka kifyatulio. Iling'aa vizuri mno, na chuma kilichobaki kikaonekana kichafu kando yake. Nikachukua waya wa kusugulia masufuria. Nilipoacha, ukahawia wote ulikuwa umetoka, na jina la fundi lilikuwa limefifia hata halisomeki. Nikaifunika, nikalirudisha sanduku kabatini.

Babu hakurudi. Baada ya matanga, Mzee Gurnam, rafiki yake mkusanyaji wa silaha za kale, alikuja kutoka Kingstanding, akaomba aitazame kwa kumkumbuka mwenzake. Alipofungua aliuliza, kwa Kiswahili chake cha Nakuru, nani amempeleka bibi kizee saluni. Alicheka peke yake, kisha akatoa kitambaa akajifuta macho. Baba alikugeukia wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiishika. Alisema babu alikuachia kitu kimoja tu duniani na hukuweza kukitunza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Wewe ulinitazama, ukamwambia baba umesikia, umekosa. Mwezi uliofuata ukaenda Dar.

Mikono yangu ilinuka ndimu wiki nzima ile. Nadhani ulijua. Ni mimi niliyefanya, kaka, na Idi mbili zimepita bila wewe kuja nyumbani. Jumamosi Mzee Gurnam anakuja tena, na baba amesema ampe aichukue kabisa, kwa kuwa hapa haina mwenyewe. Mwenyewe yupo. Kabla ya siku hiyo nitamwambia baba.

Nisalimie mjomba, Shangazi Asmahan na watoto. Mama anakusalimu, anasema usiache kula.

Mdogo wako akupendaye,
Zuleha

Nimeifungua tena bahasha. Niliona nikingoja Jumamosi sitasema, basi nikateremka sebuleni nikamwambia baba yote, mpaka habari ya ule waya. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa nini nilikuacha ubebe, nikamwambia niliogopa. Akatoa sanduku kabatini, akapanda nalo ngazi, akaliweka juu ya kitanda chako. Aliposhuka aliniuliza kwenu huko ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa moja usiku, bado hujalala. Akasema simu yake haina namba yako mpya. Nikaibonyeza namba kwenye simu yangu nikampa, kisha nikapanda kuyaandika haya; sasa navaa koti niende kuitia barua hii posta.