Bahasha Inayomsubiri Tulimaaq

Itillik,
Alhamisi, 19 Februari 1976

Mpendwa mdogo wangu Akittiq,

Kwanza nipe hali yako. Kifua kimetulia, au bado unakohoa? Na huko hospitalini Winnipeg wanakupa nyama, au ni viazi asubuhi, viazi jioni? Mimi mwili haujambo. Shemeji yako Qamaniq mzima. Baridi imemla kidole kimoja cha mguu, lakini maringo yake yako pale pale.

Nisikuzungushe. Ndege aliyopanda ndugu yetu Tulimaaq kurudi kutoka kwenye Baraza haijafika.

Leo ni siku ya tatu. Jumanne mchana rubani alisikika kwenye redio ya dukani, akasema yuko juu ya barafu ya bahari na mbele haoni kitu. Halafu kimya. Tangu hapo dhoruba imetufungia ndani, hata nyumba ya jirani siioni. Qamaniq na wenzake wameshafunga mizigo kwenye sileji za kukokotwa na mbwa, lakini kwa upepo huu atakayetoka atapotea naye. Naogopa, Akittiq.

Wewe ulimwacha akiwa mkalimani wa muuguzi, anawaambia wazee wafungue vinywa. Hukumwona alipogombea kiti cha Baraza. Laiti ungekuwepo, ungecheka! Alizunguka kambi zote za pwani kwa sileji ya mbwa, mwezi mzima. Anaingia hemani, anakunywa chai, anasifia watoto, anauliza sili wa kuwinda wanapatikana wapi, kisha anaaga. Kura haitaji! Aibu ilimbana, maana nani kwetu anasimama mbele ya watu na kujisifu? Mzee Ukalik akamvumilia mpaka kikombe cha nne, akamuuliza, "Binti, umekuja kuomba kura au kutumalizia chai?" Akainama, akasema, "Vyote viwili, babu." Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka.

Akashinda kwa kura kumi na moja. Mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kukaa kwenye kiti kile, na wanaume waliomwita mpika chai sasa wanamletea barua zao za serikali awasomee.

Safari hii alikwenda kwa ajili ya meli ya kuchimba mafuta. Wenye meli wanataka kutoboa chini ya mlango wa bahari, pale pale sili wetu wanapozalia. Tulimsikia redioni wiki iliyopita. Aliongea kwa lugha yetu mwanzo mpaka mwisho, akawaacha wao watafute mkalimani. Dukani tulisongamana kuizunguka redio. Meli imesimamishwa mpaka waje hapa kutuuliza wenyewe. Nililia pale mbele ya magunia ya unga, sikujali nani ananiona.

Lakini kuna kitu kinanitafuna, na sijamwambia mtu. Siku anaondoka nilimfuata mpaka uwanja wa ndege nikamfokea. Nikamwambia, "Wewe una mtoto mdogo. Hao wenye mafuta watachimba tu, uende usiende!" Akanicheka. "Sasa dada, nikikaa nyumbani, sili watakwenda kujisemea?" Nikamgeuzia mgongo. Alinipungia mkono dirishani, nikajifanya naangalia mbwa. Sikumuaga, Akittiq. Sikumuaga mdogo wangu.

Mtoto wake yuko hapa kwangu. Unakumbuka tulimpa jina la marehemu mama, na tangu azaliwe sote tunamwita mama. Ana miaka minne sasa. Jana alinikuta nalia, akanishika shavu, akasema, "Mwanangu, nyamaza. Anakuja. Pikeni chai." Qamaniq, na masharubu yake yote, akainuka kuwasha jiko. Akasema, "Mama mkwe ameamuru, nani abishe?" Tukaijaza birika kubwa. Chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Leo asubuhi mama ameniambia niipashe tena, na nimeipasha.

Nisalimie Bi Arnatsiaq wa wodi ya wanawake, mwambie wanawe wazima na mkubwa ameua sili wake wa kwanza. Watu wote wa Itillik wanakusalimu, na Mzee Ukalik anasema upone haraka, anakosa mtu wa kumshinda karata.

Sasa kuhusu barua hii. Mimi najua herufi zetu tu. Za kizungu zinanishinda, na posta haipokei bahasha bila hizo. Miaka yote anwani yako anaiandika Tulimaaq, kwa zile herufi zake kubwa zinazopanda juu kama zinakwea kilima. Kwa hiyo bahasha nimeiweka mezani, tupu. Akifika ataiandika yeye, kabla hajavua hata viatu. Asipofika, nitaipeleka kwa muuguzi, yule mwenye herufi nyembamba zilizolala.

Wewe utakuwa umeziona herufi za bahasha kabla ya kuifungua. Unajua tayari, ndugu yangu. Mimi hapa bado sijui, na upepo haujatulia.

Mungu akuponye kifua, akurudishe kwetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,
Naullaq