Nzi Samaki wa Kijito cha Simbo

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimebadilisha maji ya beseni, tena. Mabuu wamebaki wawili. Wa tatu kaliwa na wenzake, wakaacha kichwa. Walafi hawa! Mmoja kaniuma kidole.

Ni nzi samaki, mdudu anayekulia majini. Nina hakika. Kichwa bapa, taya kama mundu, nyuzi jozi nane ubavuni, kulabu nne mkiani. Kitabu kinasema Afrika jamii hii inapatikana kusini kabisa tu, na Madagaska. Basi kitabu kimekosea, maana hawa nimewatoa chini ya mawe kwenye kijito cha Simbo kwa mikono yangu.

Shule imefungwa. Wakimbizi wanaoshuka kwa boti Kibirizi wanalazwa madarasani mpaka malori yaje kuwapeleka kambini. Maabara yangu ya bayolojia sasa ni zahanati. Sijakasirika. Uongo, nimekasirika sana. Niliwahi kuondoa chupa moja ya spirit, ya mwisho, iko chini ya kitanda. Bila spirit wadudu wataoza kabla hawajafika kwa wataalamu Dar. Nikiwa wa kwanza kumpata mdudu huyu huku, watanipa nafasi ya kusoma. Miaka sita Kigoma. Nataka kuondoka.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Godeliva amekuja mlangoni. Ni nesi, mkimbizi mwenyewe kutoka Burundi, anahudumia wenzake. Kuna binti kajifungua kwenye darasa la Kidato cha Pili. Akauliza kama nina spirit yoyote, ya kitovu cha mtoto.

Nikasema hakuna. Hata sikumwacha amalize.

"Haya, Mwalimu. Asante."

Akaondoka na mvua yake. Maji ya chumvi si yapo? Wazee wetu walitumia nini? Chai imenishinda.

Alhamisi, 7 Novemba

Buu mkubwa nimemtia kwenye spirit. Nimemchora mara mbili, michoro yote mibaya. Siwezi kukaa. Nimetembea mpaka Bangwe, nikageuka, nikarudi bila kununua hata dagaa. Watu wananisalimu napita tu.

Nimechungulia dirisha la Kidato cha Pili. Mtoto analia kwa sauti nyembamba. Kitovu kimevimba, kinatoa usaha. Mama yake ni mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Alinipisha nione vizuri, akidhani nimekuja kusaidia.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimempelekea Godeliva chupa. Nikamwambia nimeikuta nyuma ya kabati. Uongo juu ya uongo. Akaipokea kwa mikono miwili.

Buu nilikuwa nimemtoa, nikamlaza kwenye sahani. Kwa kuwa ameshakufa na kunyooka, nikahesabu upya kwa lenzi, kwenye mwanga mzuri wa dirishani. Nyuzi jozi nane. Kisha karibu na kulabu, jozi mbili nyingine. Nilizidhani vinyweleo.

Kumi. Nzi samaki hana kumi.

Labda ni aina mpya. Labda.

Alhamisi, 14 Novemba

Yule wa sahani ameoza, nimemtupa. Wa beseni ametoka majini, kajichimbia kwenye tope nililomwekea pembeni. Sasa ni kungoja awe mdudu kamili, ndipo jina lake litajulikana. Barabara imeharibika, malori hayaji. Godeliva anasema mtoto ananyonya. Sikuuliza zaidi. Nafunua tope, nafunika. Nitamuua kwa kumchungulia.

Jumapili, 1 Desemba

Ametoka. Mweusi, anang'aa, mgumu kama punje ya kunde. Mbawakawa! Yule yule anayezunguka-zunguka juu ya maji pale wanawake wanapofulia. Hakuna mtoto wa Simbo asiyemjua.

Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Kisha yakabaki machozi. Kwa huyu! Kitovu cha mtoto kimeoza siku tatu kwa ajili ya huyu. Mjinga mimi. Na mbaya.

Jumatatu, 2 Desemba

Malori yamekuja asubuhi. Hakuna aliyesukumana. Nimesaidia kukunja mikeka.

Nikamwambia Godeliva. Kwamba siku ile aliponiuliza, spirit nilikuwa nayo.

"Ego, ndiyo, nilijua," akasema, huku akifunga furushi lake.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Sisi wageni hapa, Mwalimu. Mgeni hamwambii mwenyeji kwamba anadanganya."

Hakusema kwa hasira. Yule binti akawa anapanda lori, akatafuta wa kumshikia mtoto, akanipa mimi. Nikamshika. Mzito kuliko nilivyodhani. Kisha akanyoosha mikono kutoka juu, nikamrudishia.