Binti wa Jumatano

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko, na za tanuri? Mama anaendeleaje na ile miguu yake isiyotulia? Mimi mzima, ila shingo inauma kwa kuinamia meza, na kilichoniinamisha ndicho nilichokitia kwenye kifurushi hiki.

Nimepata kazi ya kuandika tamthilia ya runinga. Ndiyo, mimi, uliyekuwa ukiniambia nitakufa na daftari mkononi. Humo kuna mswada wa sehemu tano za mwanzo. Utamkuta mama mzee anayepotewa na kumbukumbu, na binti yake mkubwa anayemtunza. Binti anaoka mikate. Anafunga kitambaa chekundu, fundo linakaa juu ya sikio la kushoto. Akienda kusambaza mikate humfungia mama yake mlango kwa nje, asije akatoka akagongwa na gari. Na kabla ya kumlisha uji huonja kwanza, kwa kijiko kile kile, ndipo mama akubali kufungua mdomo. Umemjua? Usijifanye humjui.

Kampuni inataka uweke sahihi kila ukurasa kwamba umeridhia maisha yako yatumike. Usiporidhia nitatunga mwingine, ila sitapata kama wewe.

Mdogo wako,
Msomi


24 Februari

Mdogo wangu Msomi,

Marahaba. Tanuri linawaka, miguu ya Mama haijatulia, na mimi nipo, nimejaa unga mpaka kwenye kope. Pole na shingo. Ungekanda unga siku moja tu, hiyo shingo ungeisahau.

Nimetia sahihi zote. Umenifanya mwembamba, Mungu akuweke. Nilimsomea Mama mchana baada ya kutoa mikate, nikadhani atasinzia. Wapi! Alisema, "Huyo mtoto ana huruma. Mama yake ana bahati." Kesho yake akataka tena, na kesho kutwa tena. Sasa namsomea kila siku, na akili ile isiyokumbuka kama imekula inakumbuka ukurasa mzima. Nikiruka mstari ananirudisha. Kuna siku hanijui kabisa, lakini akiona kitambaa na nikionja uji, anasema, "Ahaa, ni yule wa kwenye kitabu," anafungua mdomo. Basi mimi ndiye wa kwenye kitabu. Sina neno, ilimradi anakula.

Andika, mdogo wangu. Tunangoja kwa hamu.

Dada yako


2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, kazi imenikaba koo. Mama hajambo? Tunaanza kurushwa Jumatano ijayo, saa moja jioni.

Kuna jambo nilitaje mapema usije ukashtuka. Mswada ukitoka mkononi kwangu unakwenda kwa mwongozaji, halafu kwa mtayarishaji, halafu kwa watu wa kituo, na kila mmoja anauminyaminya kama anachagua nyanya. Mwongozaji alisema binti mwema anamtia usingizi. "Nani ataacha shughuli zake aje kutazama mtu akimlisha mama yake?" Chumba kizima kilicheka. Na mimi nilicheka, Dada, nisikufiche. Kwa hiyo amekuwa mkali kidogo. Kitambaa, tanuri, kikombe cha bluu kama cha Mama, vyote vimebaki, kwa sababu vilishanunuliwa na mwigizaji alishavizoea. Kilichobadilika ni moyo wake tu.

Ni hadithi. Msiitie maanani sana.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hali yetu usiulize, nitakusimulia.

Jumatano ile nilialika mtaa mzima. Chumba kilijaa, wengine wakasimama dirishani. Mama nilimvika gauni lake la kutokea. Kitambaa chekundu kilipotokea alipiga makofi: "Yule wetu! Wa kwenye kitabu!" Majirani wakanigeukia, nami nikaona haya kwa furaha. Kisha yule wetu akamfungia mama yake mlango, akasimama nje anacheka. Kisha akatia dawa ya unga kwenye uji. Kisha, mdogo wangu, akapeleka kijiko mdomoni akajifanya anaonja, akakitoa kimejaa vilevile, akamlisha mama yake. Watu walitoka mmoja mmoja, wananiaga huku wanatazama viatu vyao.

Asubuhi nilimpelekea Mama uji, nikaonja. Akafunga mdomo. Alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo hata na adui. Wiki imepita, na anakula kwa mkono wa jirani yetu muuza maua peke yake, naye ana watoto wake na kazi yake, huja akipata nafasi. Huko nje nikipita na kapu wananitania: "Mama Mikate, huu umeuonja kweli?" Wanacheka, halafu hawanunui.

Sikuombi unisafishe. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie huyo mwongozaji, binti ameze kijiko kimoja. Kimoja tu, Mama amwone anameza.

Dada yako


5 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliumia, mara ya pili nilikasirika. Nani alikutuma umkaririshe Mama mswada kama sala? Mswada wa kwanza si ahadi kwa mtu. Wewe unayekanda unga kila siku ungelijua hilo kuliko mimi. Mzimie runinga, yaishe.

Ombi lako nililipeleka, usiseme sikulipeleka. Mwongozaji aliuliza kama ni kweli huyo mama mwenyewe amegoma kula. Nikasema ni kweli. Akaweka kalamu chini, nikadhani ameguswa. Akasema, "Tia humo." Kwa hiyo Jumatano ijayo mama wa kwenye tamthilia anagoma kula. Ningefanyaje? Wamenifanya mwandishi mkuu, na mwandishi mkuu wa mwezi mmoja hagombani na mwongozaji.

Halafu, tafadhali, watu wa magazeti wakija usizungumze nao. Mwanasheria wa kampuni amenionyesha kurasa zako. Sahihi zote zipo, tena kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nibusie Mama.

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Runinga nilishaitoa kabla hujanishauri. Mama akalia akiidai kutwa. Amemsahau mumewe aliyeishi naye miaka arobaini, lakini Jumatano haisahau. Muuza maua humchukua kwake akatazame, maana asipotazama hagusi chakula hata cha huko.

Amekonda. Ile bangili iliyokuwa ikimbana kifundo cha mkono sasa inateleza mpaka kwenye kiwiko.

Nikajipa akili. Nilivua kitambaa, nikanyoa kichwa, nikaazima gauni jeupe, uji nikautia kwenye bilauri, nikabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe. "Nani?" "Nesi." "Karibu, nesi." Akala. Mdogo wangu, alikula vijiko tisa, nikatoka nje nikalia nimeng'ata mkono wa gauni nisisikike. Siku tano nilikuwa mgeni nyumbani kwangu. Alininong'oneza nijihadhari na binti yake. Alinionea huruma kweli, akanishika mkono, akasema mimi ni mtoto wa watu, nisije nikadhurika bure. Siku ya sita uji ulikuwa moto na mkono ukajisahau, nikaonja. Bilauri aliirusha ukutani.

Sasa hata nesi hamtaki mpaka ahakikishiwe yule binti hayumo ndani. Namwambia amesafiri. Hasadiki, na atasadikije? Kila Jumatano anamwona.

Ile heshima ya kuombana imekwisha. Mtoe huyo mwanamke. Kwa namna yoyote.

Dada yako


21 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine ya furaha juu yake! Ulilotaka limekuwa. Mwigizaji wa yule binti amepata kazi kwenye kituo kingine bila kuaga, mwongozaji amevimba kwa hasira, hataki hata kusikia jina lake. Ameniambia nimuue.

Nimemwandikia kifo kizuri sana. Majirani wanamfukuza, anadondoka kwenye ngazi, na mama yake anakuja kusimama juu yake. Nilipokuwa naandika nilikukumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni tukitoka shule, machozi yakanitoka, na nadhani ndiyo maana imetoka vizuri hivyo. Watu wa kituo wanasema sijawahi kuandika sehemu bora kuliko hii. Itarushwa Jumatano ya tarehe tatu. Hakikisha Mama anaiona.

Nimepewa siku nne za mapumziko mwezi wa kumi, nitakuja. Nina hamu nanyi mpaka basi.

Mdogo wako


17 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu hupokei, barua hujibu. Mama aliionaje ile sehemu? Huku watu wananisimamisha njiani. Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako


29 Septemba

Msomi,

Mama yako hajambo. Safari hii ni kweli.

Muuza maua anasema Jumatano ile hakupepesa macho. Yule binti alipodondoka, Mama aliuliza, "Amekufa kweli?" Wakamwambia amekufa. Aliuliza mara tatu. Kisha akasema anasikia njaa. Mimi nilikuwa nje ya mlango, na gauni langu jeupe. Nikaitwa, nikamlisha, akamaliza, akaomba aongezewe. Tangu siku hiyo anakula mara nne kwa kutwa na bangili imeanza kukaa mahali pake. Anacheka. Ananisimulia mambo ya utotoni mwake ambayo wewe na mimi hatukuwahi kuyasikia, kwa sababu mgeni huambiwa mengi.

Tanuri nimelihamishia kwa muuza maua, maana harufu ya mkate inamtia hofu. Mikate inanunuliwa tena. Wanunuzi wananipa pole, hawasemi ya nini, nami naipokea.

Juzi nilikuwa namkata kucha, akaniuliza kama nina mama. Nikasema ninaye. Akasema, "Mtunze." Halafu akanieleza habari zake. Alijaliwa mabinti wawili. Wa kwanza alikuwa mbaya, amekufa, na yeye hakumtolea hata chozi, kila akiamka anamshukuru Mungu kwa hilo. Wa pili anaishi mbali, ni mwandishi, mtoto mwenye huruma ambayo hajaiona kwa mtu mwingine. Huyo anamngoja. Ameniomba siku utakayofika nimchane nywele vizuri.

Njoo, basi. Anakutaka, na mimi sina la kukuzuia. Ukifika bisha hodi, nitakufungulia. Usinikumbatie mlangoni. Usikae ukinitazama sana. Na usiniite Dada, hata kwa bahati mbaya, hata tukiwa wawili jikoni, kwa sababu masikio yake bado ni mazima na mimi siwezi kuanza tena kumwona anafunga mdomo.

Nesi wa mama yako